Ngoma ya Kuamsha, Wimbo wa Kutuliza

Askari atokaye lindo la usiku hurejea nyumbani kwake Kigobe alfajiri, mwili umechoka lakini masikio yangali macho. Akikuta redio inanguruma sebuleni, hugeuka huku na huku kitandani hadi adhuhuri pasipo kupata usingizi. Jioni huwa mkali wa maneno, na watoto humkwepa. Mkewe hudhani kuwa mume amebadilika tabia, kumbe pengine ni mwili ulionyimwa utulivu.

Sauti iingiayo sikioni haiishii katika kusikiwa tu. Hufika pia kwenye sehemu za ubongo zinazoongoza pumzi na mapigo ya moyo. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Muziki wa haraka na wenye kishindo huuharakisha na kukaza misuli. Ule wa polepole huutuliza. Ndiyo sababu gwaride, ambalo katika majeshi mengi huenda kwa hatua zipatazo 120 kwa dakika, humnyoosha mgongo hata aliyechoka.

Wazee wa Burundi waliyatambua mambo haya zamani. Ngoma za kifalme, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu, hupigwa kwa nguvu huku wapigaji wakirukaruka; hizo ni za kuamsha. Inanga, chombo cha nyuzi, huambatana na sauti ya kunong'ona, na wasikilizaji hulazimika kunyamaza. Nao watoto wachanga wana ibihozo, yaani nyimbo za kubembelezwa.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliohusu watoto njiti 272 katika hospitali 11, ulithibitisha busara hiyo. Walipoimbiwa taratibu, mapigo ya mioyo yao yalipungua kasi. Aidha, nyimbo walizozichagua wazazi wenyewe ziliwapunguzia wazazi hao fadhaa.

Kwa hiyo yafaa kila nyumba iupangie muziki saa zake. Asubuhi, wakati wa kufagia na kufua, nyimbo za kuchangamsha huirahisisha kazi. Baba au mama aliyekesha kazini akilala, redio na izimwe, au ipunguzwe hata isisikike chumbani. Usiku watoto waimbiwe kwa sauti ya chini. Tena ikumbukwe kuwa muziki unaomlazimu mtu kupaza sauti ili asikiwe na jirani aliye karibu yake waweza kudhuru masikio.

Hata hivyo, wimbo si dawa ya kila jambo. Mtu anayekosa usingizi kwa majuma kadhaa, au anayeshtuka kwa kila kishindo, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Kwenda huko si aibu kwa askari, wala si udhaifu kwa familia yake.