Nini Maana ya Kuitumikia Nchi?

Watumishi wenzetu, mara nyingi twasikia watu wakisema, "Fulani aliitumikia nchi," na papo hapo mawazo ya wasikiao hukimbilia bunduki na gwaride. Hatuna neno baya juu ya askari. Hapa kwetu, katika nyanda za juu za Kigoma, ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Mtabila, Kasulu, mahali walipokaa wakimbizi wa Burundi hata mwaka 2012. Vijana huamka alfajiri, hulima, hujifunza kutii na kuvumilia. Ni jambo jema. Walakini siku za kambini zina mwisho, na sare hukunjwa ikatiwa sandukuni. Baada ya hapo utumishi wa nchi wabaki wapi? Sisi twaona kwamba wabaki mezani petu, na hapo ndipo upimwapo.

Swali hili si jipya. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba vijana wamalizao masomo ya juu walitumikie taifa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kukataa, wakasema kwamba wakubwa wenyewe walikuwa wakipokea mishahara minono. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Siku ile ile akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Watu wengi waikumbuka adhabu ile; wachache waukumbuka mshahara ule. Kwetu sisi la pili ndilo fundisho. Wanafunzi walikosea kudhani ya kuwa elimu iliyolipiwa na jasho la wakulima ni mali yao peke yao. Lakini hawakukosea kuuliza kwa nini mzigo utwikwe wadogo tu. Amtakaye mwenziwe atumike, sharti atangulie yeye kujitwisha.

Basi tuitazame nchi yetu ya Buha, tuone ni nani aliyejitwisha. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Kibondo na Kasulu walihamishwa wakakusanywa mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Vijana wengi wakaenda mashamba ya mkonge huko Tanga wakiwa manamba. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahama tena kuingia vijijini. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu imepokea majirani waliokimbia vita ya Kongo, na baadaye wa Burundi. Nao wenyeji wamegawana na wageni hao kuni na maji. Wazee wetu hawakuvaa sare, wala hawakupewa nishani. Je, hao hawakuitumikia nchi? Waliitumikia, tena si mara moja. Na killa walipohamishwa, alikuwako karani mwenye daftari aliyeandika majina yao. Akiandika vema, mtu alipata mahali pake. Akiandika vibaya, mtu alipotea katika karatasi ingawa yu hai.

Kwa hiyo twataja Kagerankanda. Ni kata ya Wilaya ya Kasulu, na kando yake upo msitu wa hifadhi wa Makere Kusini. Kwa miaka mingi pamekuwa na mvutano: mkulima ataka ardhi ya mahindi, maharage na muhogo, mhifadhi ataka miti isimame ili vijito visikauke. Baadaye Serikali iliridhia sehemu ya msitu ule itumiwe kwa kilimo. Hatuandiki kumhukumu mtu. Twasema tu kwamba wote wawili wana hoja, maana mwenye kulisha watu aitumikia nchi, na mwenye kulinda chemchemi aitumikia vile vile. Kati yao hao amesimama mtumishi mwenye ramani na orodha.

Tufikiri mzee mmoja atokaye huko kwa pikipiki ya kukodi, amekuja kuuliza mpaka wapita wapi. Akiambiwa, "Njoo kesho," amepoteza nauli na siku ya jembe. Akiambiwa hivyo mara tatu, atarudi akalime apendapo, na mwisho wake ni kukamatwa, kung'olewa mazao na chuki. Hapo twasema raia ni mkaidi. Kweli yawezekana ni mkaidi. Lakini ni nani aliyemfundisha kwamba sheria ni ukuta usio na mlango?

Wenzetu wengine watajibu: "Mshahara hautoshi, na kazi ni nyingi." Hatuyakani hayo. Watu wa kazi yetu walipoungana huko Tanga mwaka 1922, pamoja na Martin Kayamba, Waislamu kwa Wakristo, hawakuona haya kutafuta hali iliyo bora, nasi tusione haya. Ila anayedai haki yake huku barua za wengine zimelala chini ya kiwiko chake, dai lake limepungua uzito. Haki yetu na haki ya yule mzee hupimwa kwa mizani moja.

Tena raia naye ana wajibu wake. Asogezaye alama ya mpaka usiku hakuishinda Serikali. Amewaibia wajukuu wake maji. Atoaye hongo ili jina lake litangulie amemwondoa jirani katika orodha. Naye asiyehudhuria mkutano wa kijiji asilalamike kwamba hakuulizwa.

Basi twaleta mashauri matatu mbele ya wanachama. Kwanza, killa barua ipokelewayo itiwe tarehe, na mwenye barua apewe stakabadhi. Pili, habari ya mpaka isomwe kwa Kiswahili chepesi katika mkutano wa kijiji, kisha watu watembezwe wauone kwa macho, wazee wakiwapo. Tatu, asirudishwe mtu bila kuambiwa sababu na siku ya kurudi. Na mzee apewe kiti kabla ya kuulizwa shida yake.

Mashauri haya hayahitaji fedha nyingi wala amri mpya. Yahitaji sisi tuanze. Mwalimu alianza na mshahara wake. Sisi tuanze na meza zetu, ili mtu wa Kagerankanda arudipo kwao, hata kama jibu alilopewa si lile alilolitaka, aweze kusema kwamba alikwenda mjini na akasikilizwa.