Mcheza Kwao Hutunzwa



Juma hili tuzungumze habari za nyimbo. Sisemi nyimbo za Misa, wala ngoma za harusi. Nasema zile nyimbo za upole ambazo watu huzisikiliza jioni, jembe limekwisha kuwekwa pembeni na chungu ki motoni, na watoto wamenyamaza wenyewe bila ya kukaripiwa. Nataka kukusimulieni habari za sahani moja ya santuri iliyopendwa na watu wengi mno, halafu tujiulize sote swali moja: je, kuupenda wimbo ni sawa na kumshukuru aliyeuimba?

Sahani yenyewe ilitoka Ubelgiji, na mwimbaji wake alikuwa sista. Jina lake la nyumbani lilikuwa Jeanine Deckers, naye alizaliwa mwaka 1933. Mwaka 1959 aliingia katika nyumba ya Masista Wadominikani huko Fichermont, karibu na mji wa Waterloo, akaitwa Sista Luc-Gabrielle. Alikuwa na gitaa, na kwa kulipenda alilipa jina kama mtu: aliliita Sista Adele. Alitunga nyimbo fupi fupi kwa Kifaransa, akawaimbia masista wenzake pamoja na wasichana waliokuja pale kufanya mafungo.

Nyimbo zikapendeza. Mwaka 1961 masista wakaenda Brussels kwa kampuni ya sahani iitwayo Philips, wakaomba watengenezewe sahani chache tu za kuwapatia wageni wao. Wenye kampuni waliposikiliza wakaona kwamba nyimbo hizi zafaa kuuzwa kwa watu wote. Wakamtafutia mwimbaji jina la kuandika juu ya sahani, wakamwita Soeur Sourire, yaani Sista Tabasamu. Lishike vizuri jina hilo, msomaji, maana baadaye litatufunza jambo.

Walipenda nini?

Ukiisikiliza sahani hiyo, utashangaa jinsi ilivyo na vitu vichache. Hakuna tarumbeta wala ngoma kubwa. Kuna gitaa moja, sauti moja safi isiyojitutumua, na nyuma yake masista wachache wanaoitikia, kama vile wanakijiji wanavyomwitikia mwenye kisa. Mwimbaji hapigi kelele ili asikiwe. Huimba kama mtu anayeongea na jirani yake kizingitini. Wimbo mmoja wahusu lile gitaa lake, na mwingine wapewa jina la sala ya mwisho ya watawa kabla ya kulala. Basi ni furaha ya mtu wa sala, ambayo haina haja ya kujionyesha.

Wimbo uliovuma kuliko yote waitwa “Dominique”. Ni habari za Mtakatifu Dominiko, mwanzilishi wa Shirika la Wahubiri, ambalo Papa Honori wa Tatu alilithibitisha mwaka 1216. Dominiko alitembea kwa miguu katika nchi ya kusini ya Ufaransa, maskini kati ya maskini, akiwahubiria wale waliopotoshwa na kufundishwa kwamba mwili na vitu vyote vionekanavyo ni viovu. Habari nzito namna hiyo, lakini tuni yake ni nyepesi hata mtoto wa miaka minne aweza kuishika kwa mara ya pili.

Sahani ilipofika Marekani mwaka 1963, wasikilizaji walio wengi hawakujua Kifaransa hata neno moja. Hata hivyo waliinunua. Tarehe 22 Novemba mwaka ule Rais John Kennedy, aliyekuwa Mkatoliki, aliuawa kwa risasi, na nchi nzima ikaingia matangani. Mwezi wa Desemba “Dominique” ukawa wimbo wa kwanza kwa kuuzwa katika nchi hiyo, ukakaa hapo majuma manne. Sahani nzima nayo ikashika nafasi ya kwanza kwa majuma kumi, mpaka Februari 1964, ilipoondolewa na sahani ya wale vijana Waingereza waitwao Beatles. Wengi wamesema kwamba watu waliofiwa walitaka sauti ya upole, nayo sauti hii ikawafaa. Nasi hatuoni ajabu. Nani kati yetu hajui kwamba mfiwa hatulizwi na maneno mengi? Humtuliza yule ajaye akaketi karibu naye, akaanza wimbo polepole.

Angalieni tena jambo hili. Tarehe 4 Desemba 1963, katika siku zile zile, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Hati juu ya Liturujia. Hati hiyo ilifungua mlango kwa lugha za wenyeji katika ibada, tena ikasema kwamba katika nchi za misioni muziki wa asili wa mataifa upewe heshima iupasayo. Kuanzia hapo ngoma na kayamba zimeingia kanisani kwetu kwa heshima. Basi siku zile zile ambazo Kanisa lilikuwa likisema kila taifa limwimbie Mungu kwa sauti yake, ulimwengu ulikuwa ukimsikiliza mtawa mmoja aliyeimba kwa sauti yake mwenyewe.

Tabasamu lilikwenda wapi?

Sasa sikilizeni upande wa pili. Bwana Ed Sullivan, mtangazaji mashuhuri wa televisheni ya Marekani, alisafiri mpaka Fichermont, na mwezi wa Januari 1964 watu wa Marekani wakamwona Sista akiimba. Mwaka 1966 ikaonyeshwa filamu juu ya habari zake, akiigiza Debbie Reynolds. Ila fedha za sahani hazikukaa mikononi mwa mwimbaji. Yeye alikuwa ameweka nadhiri ya ufukara. Mapato yakaenda kwa kampuni na kwa nyumba ya watawa.

Mwaka ule ule wa 1966 aliondoka utawani. Alitaka kuendelea kuimba, lakini hakuruhusiwa kulitumia jina la Sista Tabasamu, akatumia jina la Luc Dominique. Sauti ilikuwa ile ile, na mikono iliyopiga gitaa ilikuwa ile ile, lakini watu walionunua sahani zake mpya walikuwa wachache mno. Ni kweli pia kwamba baadhi ya nyimbo zake za baadaye hazikupatana na mafundisho ya Kanisa. Lakini hata hivyo, wale maelfu kwa maelfu waliosema wanampenda walikuwa wapi? Yaonekana walilipenda tabasamu lililochorwa juu ya bahasha ya sahani, na mwenye tabasamu hawakumjua.

Halafu ikaja kodi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Ubelgiji ilimdai kodi ya mapato ya zile sahani. Akajibu kwamba fedha alizitoa zote. Hati za kuthibitisha hakuwa nazo. Mwaka 1982 aliuimba tena “Dominique” kwa mtindo wa disko, akitumaini kupata fedha, asipate. Mwezi wa Machi 1985 yeye na rafiki yake Annie Pécher, wakiwa wamelemewa na madeni na huzuni, walijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 51.

Siandiki haya ili tumhukumu mtu. Kanisa latufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa marehemu kama hawa, bali tuwaombee, kwa maana Mungu ana njia zake za huruma tusizozijua. Na kama katika nyumba yako yupo mtu anayelemewa na deni au majonzi hata anawaza mabaya, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mketi naye, mpeleke kwa padre au kwa mganga wa zahanati, mtafutie ndugu wa kumsaidia mzigo.

Na sisi je?

Utasema, hayo ni ya Ulaya, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Zamani mwenye kuimba vizuri arusini au matangani hakurudi nyumbani mikono mitupu. Alipewa kuku, au kibaba cha mtama, au angalau kitambaa begani mbele ya watu wote. Wazee walijua kwamba sauti ni kazi, na kazi ina haki yake.

Siku hizi yule mwalimu wa kwaya wa kigango chenu hutembea jioni mara mbili au tatu kila juma kwenda mazoezini. Shamba lake humngoja. Wanakwaya hutoka kuteka maji na kupika, ndipo waende kukariri sauti mpaka giza. Wakifaulu kurekodi nyimbo zao, huwa wamekopa nauli na gharama za mitambo. Nasi tunafanyaje? Mmoja hununua, kisha ishirini wananakili katika simu zao bila senti moja, huku wakisifu: “Kwaya yetu yaimba kama malaika!” Sifa kweli ni tamu, lakini hailipi deni.

Basi nakushaurini mambo matatu, nayo hayana uzito.

La kwanza, sikiliza vizuri. Wimbo wa upole hauwezi kushindana na kelele. Jioni moja katika juma, zimeni maongezi mengine, msikilize wimbo mmoja pamoja, baba, mama na watoto, kisha mtoto mmoja aeleze amesikia nini.

La pili, lipa haki. Ukiipenda kazi ya kwaya, inunue kwao wenyewe. Kama huna fedha, debe la mahindi wakati wa mavuno si aibu. Na ninyi viongozi wa kwaya, andikeni mapato na matumizi katika daftari, kila shilingi na mahali ilipokwenda, tena stakabadhi mzitunze. Mmeona jinsi mtu aliyetoa vyote alivyoteseka kwa kukosa karatasi.

La tatu, mjue mwimbaji. Ulizia hali yake. Yule mwenye sauti ya kwanza asipoonekana Jumapili mbili, usiseme tu kwamba leo kwaya imepwaya. Mwende mkabishe hodi kwake. Huenda ni mgonjwa, huenda anadaiwa, huenda amekosana na wenzake. Wengi hutabasamu wanapoimba, na nyumbani hakuna chumvi.

Jumapili hii, baada ya Misa, usikimbilie njia. Mtafute mwalimu wa kwaya, umshike mkono, umwambie kwa jina lake wimbo upi ulikufaa na kwa nini. Kisha muulize, “Nyumbani hawajambo?”, nawe ungoje mpaka akujibu.