Bethdei bila kangomba: keki za vijiti zinatosha!

   

Leo nina jambo linaniwasha rohoni. Ni hizi bethdei za watoto. Jamani, siku hizi bethdei imekuwa kama harusi! Mtoto anatimiza miaka saba, mama yake halali. Keki ya ghorofa tatu, maputo, sare ya mama na mwana, mpiga picha... Na msidhani ni mambo ya Sinza na Mikocheni peke yake. Yamefika Masasi, yamepanda kilima mpaka Newala.

Agosti mwaka jana nilikuwa huko Newala kwa ndugu zangu. Agosti kule juu ni mwezi wa kuangalia mikorosho ikitoa maua na mifuko ikitoa vumbi. Hela yote bado iko mtini. Sasa jirani yetu alikuwa na bintiye anayetimiza miaka saba. Kauliza bei ya keki Masasi, kaambiwa, kaduwaa. Lakini afanyeje? Mwezi uliotangulia mtoto wa mwenzake alifanyiwa, binti akaenda, akala, akarudi anasimulia wiki nzima.

Jioni jirani akaja, akakaa mkekani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, kuna mtu atanipa hela kesho. Nitamlipa korosho gunia moja msimu ukifunguliwa."

Moyo ukanilipuka! Watu wa kusini mmeshanielewa. Hiyo ndiyo kangomba. Kwa asiyeijua, kangomba ni biashara ya korosho ya uchochoroni, nje ya chama cha msingi, ambayo watu hupimiana kwa chombo badala ya mizani. Mwenye shida anachukua hela wakati wa ukata, halafu korosho zikianguka anapeleka mzigo, na bei alishaipanga mwenye hela. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, neno hili lilivuma mpaka watu wa Dar wakalijua.

Wapo wanaoingia kangomba kwa sababu ya ugonjwa. Wapo wanaoingia kwa njaa. Hao siwasemi, shida haina adabu. Lakini kangomba kwa ajili ya keki? Wahenga walishasema, ukimwiga tembo utapasuka msamba!

Nikamwambia: "Mdogo wangu, huyo mtu mwambie asubiri mpaka kesho mchana. Leo twende jikoni."

Tukaingia. Unga wa ngano nusu kilo, sukari robo, siagi ya kopo robo, mayai matano, hamira ya unga vijiko viwili vya chai, maziwa nusu kikombe, iliki ya kutwanga. Siagi na sukari zikapigwa mpaka zikawa nyeupe, mayai yakaingia moja moja, kisha unga uliochekechwa na hamira na iliki, mwisho maziwa. Jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ndani, mfuniko, makaa juu. Moto mwingi juu, kidogo chini, kama mnavyojua.

Basi tukanogewa na maongezi... Kufunua, pembeni imeungua na katikati imebonyea kama barabara ya masika! Mwenzangu machozi yakamlenga. "Si nilisema, dada? Sisi keki hatuziwezi."

Mimi nikacheka. "Hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka."

Wasomaji wangu, hapo ndipo penye siri ya keki za vijiti. Huko Marekani zilivumishwa mwaka 2008 na dada mmoja, Angie Dudley, na mwaka 2010 akazitolea kitabu kizima. Ni keki inayovunjwavunjwa, inakandwa, inaviringwa kama kibao cha kashata kilichokuwa duara, inachomekwa kijiti kama pipi, inavikwa sukari. Kwa maana hiyo keki iliyopasuka, iliyobonyea, iliyokaa vibaya, zote ni mali. Huhitaji oveni ya umeme wala fundi wa keki. Unahitaji mikono safi na subira.

Haya, chukua kalamu.

Kwanza, iache keki ipoe kabisa. Kata sehemu zote zilizoungua utupe, maana uchungu haufichiki. Inayobaki ivunje kwa vidole mpaka iwe kama chenga za mkate.

Pili, gundi. Changanya vijiko viwili vya chakula vya siagi na vinne vya sukari ya unga, piga mpaka ilainike. Siagi ya karanga nayo inafaa sana, na Masasi karanga si kitu cha kutafuta kwa tochi. Tia kwenye chenga kidogo kidogo huku unakanda. Kipimo ni hiki: finyanga tonge, ukifungua mkono likae bila kupasuka na bila kukuachia mafuta kiganjani. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanazidisha gundi, keki inakuwa nzito na laini, halafu inateleza kwenye kijiti, puu, sakafuni.

Tatu, viringa vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo. Keki ya nusu kilo ya unga inakupa kama 40. Kama una friji, weka nusu saa. Kama huna, funika sinia kwa kitambaa safi, liweke juu ya beseni lenye maji kidogo, chumba chenye ubaridi, vilale mpaka asubuhi. Na maji hayo usimwage! Kule juu ya uwanda wa Makonde maji ni bidhaa, mpaka mradi mkubwa ulianzishwa enzi za ukoloni miaka ya 1950 kuyapandisha kutoka bondeni. Yatakuoshea vyombo.

Nne, vijiti. Tumia vijiti vya mishikaki. Kata ile ncha kali, usimpe mtoto mkuki! Chovya ncha ya kijiti kwenye sukari ya kupakia, ndipo ukichomeke kwenye kidonge mpaka katikati, usitokezee upande wa pili. Acha ikauke. Hiyo sukari ndiyo msumari wako.

Tano, vazi. Vitabu vya wazungu vinasema chokoleti. Lakini chokoleti bei yake ni kali, na kwenye joto la Masasi la Oktoba itakuwa mchuzi kabla wageni hawajafika. Sisi tulitumia sukari ya unga gramu 400 na maji ya ndimu vijiko vinne vya chakula. Tia ndimu kidogo kidogo, koroga mpaka iwe kama uji mzito wa mtoto. Ikiwa nyepesi inachuruzika yote, ikiwa nzito inang'oa kidonge kijitini. Chovya, geuza polepole, gonga mkono ili ya ziada idondoke. Kupata rangi ya waridi, chemsha rozela kavu kwenye maji machache, tumia maji hayo badala ya nusu ya ndimu. Kupata njano, bizari ya manjano kidogo tu, ncha ya kijiko, usije ukalisha watoto pilau!

Kabla haijakauka, viringisha kwenye korosho iliyokaangwa na kusagwa, au ufuta, au nazi iliyokunwa na kukaushwa. Kisha geuza boksi chini juu, toboa matundu, simamisha vijiti humo. Saa chache vimekauka. Kama mvua zimeanza, pamba siku hiyo hiyo, kwani unyevu huifanya sukari ivuje.

Binti mwenyewe ndiye aliyetufundisha mapambo. Alichukua korosho iliyopasuliwa nusu, akaibandika kwenye kidonge, ikawa mdomo unaocheka! Tukaongeza macho ya kakao, nywele za ufuta. Kila kidonge sura yake. Kaka mtu mmoja akataka kuchora sura ya midimu. Bibi akamtupia jicho moja tu... kijana akafuta. Mambo ya jando hayakai kwenye sinia la watoto.

Bibi huyo ndiye aliyesema neno lililonikaa. Alisema wao hawakujua siku ya kuzaliwa, walijua msimu na jambo lililotokea. "Na sherehe ya mtoto haikuwa ya mtoto mmoja," akasema. "Mwali anatoka na wenzake. Wanakula sinia moja." Kweli kabisa. Hizi bethdei za mtoto mmoja ni ngeni kwetu, na ndiyo maana zinatutia wivu na mashindano. Mwenye keki ya ghorofa huikata mwenyewe, wa mbele wanapata maua, wa nyuma wanapata chenga, na yule aliyekuja miguu peku anarudi akilamba kidole. Keki ya kijiti haina mbele wala nyuma. Kila mtoto ana yake, ina sura yake, inalingana na ya mwenzake.

Sasa tahadhari, na hapa sitanii. Mtoto mdogo usimwache akimbie na kijiti mdomoni. Wa chini ya miaka minne mtolee kijiti, mvunjie vipande, na korosho nzima au nusu usimpe, anaweza kukabwa. Waulize wenzako kama kuna mtoto anayedhurika na korosho au karanga. Mwingine akila anawashwa, anavimba midomo, anashindwa kupumua. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kupewa maji ya sukari. Mtengenezee zake kabla hujagusa korosho, na sinia lake liwe mbali. Na korosho tumia iliyokwisha kubanguliwa. Msikaange zenye maganda karibu na watoto, mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi mnayajua wenyewe.

Siku yenyewe ikafika. Tulikuwa na vijiti 41, wakaja watoto 37. Hakuna aliyekosa. Binti alisimama katikati na boksi lake kama mama mwenye duka, akagawa mwenyewe kwa mkono wake, mmoja mmoja, kwa jina. Nilimtazama mama yake. Alikuwa anacheka huku anafuta jicho kwa ncha ya khanga.

Mtu wa kangomba alipita jioni kuuliza. Akapewa kijiti kimoja na shukrani. Akala, akaondoka.

Mwaka mpya nikapiga simu kuwasalimu. Mwenzangu akaniambia lile gunia lilipimwa kwenye mizani ya chama, kama magunia mengine. Ilipoingia hela, akanunua sare mbili, madaftari na viatu vya shule vya binti. Halafu akacheka, akaongeza: "Na sukari ya unga nusu kilo, dada. Nimeifungia kabatini. Mdogo wake anatimiza miaka mitano Mei."

Mama mwenzangu, mtoto hatakumbuka keki ilikuwa na ghorofa ngapi. Atakumbuka kama mama alikuwa anacheka. Usiuze maua ya mkorosho kwa ajili ya mshumaa wa dakika moja.

Haya, mkaa umeisha. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.