Kuuliza Njia Si Aibu

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Ukweli wa maneno hayo hudhihirika pale mtu aliyezoea kuwaongoza wenzake anapojikuta katika mji asioujua, miongoni mwa watu asioelewa lugha yao, huku saa ikienda. Hapo cheo, elimu na ujasiri wake vyote hupimwa kwa jambo dogo: je, ataweza kusimama na kuuliza njia?

Katika Ulaya, Venice ni mji unaotoa mtihani huo bila huruma. Mji huo wa Italia umesimama juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, vilivyoungwa kwa madaraja zaidi ya 400. Magari hukomea ukingoni. Ndani hakuna usafiri ila miguu na mashua. Polisi hufanya doria kwa mashua, wazimamoto huitikia mwito kwa mashua, na mgonjwa hukimbizwa hospitali kwa mashua. Mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Unguja angevizoea upesi vichochoro vyake vyembamba, lakini vya Venice vina hila moja zaidi: vingi humfikisha mtu kwenye maji, na hapo hana budi kurudi alikotoka.

Anwani nayo haimsaidii sana mgeni. Mji umegawanywa katika kata sita, na nyumba huhesabiwa kwa kata, si kwa njia iliyopo mbele ya mlango. Nambari huanzia 1 zikaendelea hadi maelfu, zikipinda kona na kuvuka mifereji. Jina moja la kichochoro laweza kuonekana tena katika kata nyingine. Hata simu ya mkononi, ambayo vijana huitegemea kama dira, hubabaika humo, kwa kuwa kuta ndefu zilizobanana huzuia mawimbi ya setilaiti.

Inspekta mmoja wa polisi na konstebo wake, mwanamke kijana, waliingia katika mji huo asubuhi ya Jumapili. Walikuwa masomoni Vicenza, mji ambao tangu mwaka 2005 una kituo cha kimataifa cha kufundisha polisi wa kulinda amani. Walifika kwa treni, wakatazama mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko, wenye urefu wa karibu mita 99, wakapiga picha za kuwapelekea jamaa zao nyumbani. Jioni ilipokaribia, ikawapasa kurudi kituoni. Treni ilikuwa moja tu ambayo ingewafikisha kabla ya kuhesabiwa, na kukosekana katika hesabu ni fedheha, si kwa mtu tu, bali kwa bendera aliyoivaa begani.

Ukutani palikuwa na kibao cha manjano kilichoonyesha njia ya reli. Inspekta alikitazama, akakidharau. "Kituo kiko magharibi," alisema, "na mshale huu unaelekea kaskazini. Nifuate." Alikuwa hodari wa kusoma ramani, na msituni asingalipotea. Lakini msituni mtu huweza kukata moja kwa moja. Venice humlazimisha kuzunguka. Walipinda, wakarudi, wakavuka madaraja, wakapita chini ya nguo zilizoanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha.

"Afande," alisema konstebo kwa adabu, "kisima hiki tumekipita mara tatu."

"Twende, konstebo. Tumekaribia."

Walichokaribia kilikuwa ukuta mrefu wa matofali, minara miwili, na lango linalolindwa na simba wa marumaru. Konstebo alilitafuta katika ramani, akanyamaza kidogo. Walikuwa mbele ya Arsenale, karakana ya kale ambamo tangu karne ya 12 Venice iliunda merikebu zake za vita. Sehemu yake ingali mikononi mwa jeshi la majini la Italia. Nayo iko upande wa mashariki wa mji, ilhali kituo cha reli kiko mwisho wa magharibi.

Akapita bibi mmoja mzee aliyebeba kikapu. Inspekta aligeuza uso. Konstebo akamsogelea, akamwamkia kwa maneno machache ya Kiitalia aliyojifunza, kisha akataja neno moja tu: "Ferrovia," yaani reli. Bibi akatikisa kichwa, akaonyesha vichochoro na kucheka, kana kwamba asema, si kwa miguu, mwanangu. Akainua kidole kimoja, akaelekeza kwenye maji. Konstebo akairudia ishara ile ili kuhakikisha: mashua namba 1. Bibi akafuatana nao hadi gatini, akangoja mpaka wakapanda.

Mashua ile huenda polepole, ikitua gati baada ya gati katika Mfereji Mkuu. Inspekta hakusema neno mpaka walipopita chini ya daraja la mawe la Rialto, lililokamilika mwaka 1591.

"Konstebo, umeniokoa."

"Nimeuliza tu, afande."

Waliiwahi treni zikiwa zimesalia dakika nne.

Yafaa kila aendaye ugenini, pamoja na familia yake, azingatie haya. Aandike katika karatasi jina la mahali anapolala, wala asitegemee simu peke yake. Wakubaliane mapema mahali pa kukutana wakipoteana, na mtoto afundishwe kutulia pale alipo badala ya kutangatanga. Katika nchi za Umoja wa Ulaya nambari ya dharura ni 112. Amwulize mwenyeji, kisha arudie alichoambiwa kabla ya kuondoka. Na safari ya kurudi aitengee saa moja zaidi.

Lakini funzo kubwa huanza baada ya kurejea nyumbani. Kila siku, kwenye lango la kituo cha polisi au la kambi, husimama mama aliyetoka kijijini, ameshika karatasi yenye jina la mtaa asioujua. Askari aliyewahi kuongozwa na bibi wa ugenini hatamkaripia. Atamwonyesha njia, na pengine atafuatana naye hatua chache.