Msitununulie spika kubwa, tupeni kisanduku kidogo

Vijana wenzetu, na nyinyi dada na kaka mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tunasema jambo moja tu. Pesa za "shughuli za vijana" zikija tena huku kwetu Kabonga, zisinunue spika kubwa na jenereta. Zinunue intafesi ya sauti, laptopu iliyotumika na hedifoni mbili. Na vikishanunuliwa, vibaki mikononi mwa vijana.

Wengine watauliza, intafesi ndo nini? Ni kisanduku kidogo, kinaingia kwenye begi la shule. Upande mmoja unachomeka waya wa gitaa la umeme, upande wa pili waya wa USB unaenda kwenye kompyuta. Kinachukua sauti dhaifu ya gitaa, kinaipa nguvu na kuigeuza kuwa namba. Kisha kompyuta inafungua modela, yaani programu inayopiga hesabu: amplifaya fulani, na spika yake, na maiki iliyo mbele yake, vingeigeuzaje sauti hii? Wewe unapiga na kujisikia kwenye hedifoni kama uko studio, jirani anasikia nyuzi tu zikigongwa. Modela nyingine ni za bure kabisa, mfano Neural Amp Modeler.

Sasa angalieni maisha yetu. Umeme ni wa shida. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa wati 2.5 tu, na intafesi nyingi ndogo zinatosheka na hizo. Laptopu ikishiba sola mchana, jioni tunarekodi. Spika kubwa inataka jenereta, jenereta inataka mafuta, na mafuta yakiisha spika inakuwa meza ya kuwekea sahani. Tumeona.

Halafu kelele. Ukirekodi kwa maiki ya simu chini ya mabati, unapata mvua, unapata injini za mitumbwi, watoto, redio ya jirani, na gitaa kidogo. Sauti ikipita kwenye waya, mvua haina pa kuingilia. Na nyumba zetu zimebanana. Mwenye mgonjwa ndani hawezi kuvumilia sebene saa tatu usiku, na ana haki.

Wazee wetu wa gitaa wanasema mashine inaua sauti ya kweli. Tunawaheshimu, ila hapo tunabishana nao kidogo. Sauti ya mpiga gitaa iko vidoleni mwake. Modela inabadilisha chumba tu. Tena kuna njia nzuri: unahifadhi sauti kavu, ile iliyotoka kwenye gitaa kabla ya modela kuigusa. Kesho ukipata modela bora, unaipitisha upya sauti ile ile, mzee hana haja ya kurudia. Cha kuangalia ni kipimo tu, kisiguse nyekundu. Ukiiweka kwenye desibeli 12 hivi chini ya sifuri pale anapopiga kwa nguvu, umetulia. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi, hakuna programu itakayoishona vizuri.

Na hapa ndo penye uzito. Watu wetu hawakai. Mwaka 2015 watu kutoka Burundi walivuka kwa makumi ya maelfu hadi Kagunga, wakapakiwa meli ya MV Liemba kwenda Kigoma, wakafikishwa Nyarugusu. Nani alibeba amplifaya? Leo wengine wamerudi, wengine wamepelekwa nchi za mbali, na ndugu zetu wa Kivu nao wanavuka kuja. Kila basi linaloondoka linaondoka na mtu anayejua kupiga mi-solo ambayo hajamfundisha yeyote.

Mwenda Jean Bosco alirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Tunamsikia mpaka sasa kwa sababu Hugh Tracey alipita na mashine yake. Ahsante kwake. Lakini kazi za Tracey zimehifadhiwa ILAM, Afrika Kusini, mbali sana na Likasi. Wangapi walipiga vizuri kama Mwenda na hakuna mgeni aliyepita mtaani kwao? Sisi hatutaki kungoja mgeni. Mashine ya leo tunaweza kuishika wenyewe.

Tunasema hivi kwa sababu yametukuta. Shirika moja lilikuja na kamera siku ya wakimbizi, tukaimba, tukapiga, wakashukuru wakaondoka. Nakala hatujaiona. Nyimbo zetu ziko kwenye kompyuta ya mtu, hata hatujui nchi gani.

Tunajua jibu litakuwa: watu wana njaa, nyinyi mnataka magitaa? Chakula kwanza, hatubishi. Hatuombi hata senti moja ya pesa za unga na maharage. Tunazungumzia pesa zile ambazo tayari zimeandikwa "vijana", zinazoishia kwenye fulana na tamasha la siku moja.

Basi haya ndo masharti yetu. Vifaa vikae kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo kwa vijana wawili, msichana na mvulana, na daftari la kusaini. Anayerekodiwa aondoke siku hiyo hiyo na nakala yake kwenye memori kadi. Tusipoteze mega: dakika 4 za gitaa moja, sauti kavu ya ubora wa studio, ni kama MB 35, lakini nakala ya MP3 haizidi MB 4 ukiibana kawaida. Wimbo ni wa aliyeupiga, na anayetaka kuutumia aombe kwanza. Mradi ukifungwa, sanduku lisirudi ofisini.

Mashirika, tujibuni hapa hapa. Na vijana wenzetu, msingoje jibu lao. Mwenye laptopu aanze kupakua programu za bure, mwenye gitaa amtafute mzee mmoja wiki hii, akae naye, ajifunze vidole vyake kabla jina lake halijasomwa kwenye orodha ya basi.