Rangi zikigoma kutokea, usimnyang'anye mtoto kompyuta

Mtihani wa kidato cha nne ukiisha mwezi Novemba, nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa na Mlowo hubaki na kijana anayesubiri matokeo. Wazazi wengine humpeleka kozi ya kompyuta, wengine humwachia kompyuta mpakato iliyotumika ajifunze mwenyewe kutengeneza tovuti. Kazi ya kwanza huwa ukurasa wa duka la mama la vitenge, au wa kahawa ya babu kule Mbozi.

Ugomvi huanza pale saa sita usiku inapofika na kijana bado amekodolea macho ukurasa mweupe. Mzazi anaona anacheza. Mtoto anaona hana akili. Wote wawili wanakosea, na kijana akikata tamaa hapo huenda asirudi tena.

Lugha inayopaka tovuti rangi huitwa CSS. Ilipendekezwa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie akiwa CERN, kituo cha utafiti kilichoko Geneva. Ina tabia moja inayowachosha wanaoanza: ikikuta mstari isiouelewa, inauruka kimyakimya. Ukurasa hauonyeshi onyo lolote. Iliundwa hivyo makusudi, ili kivinjari cha zamani kikikutana na jambo jipya kiendelee kufungua ukurasa. Kwa hiyo alama moja tu ikikosekana, rangi haitokei, na sababu haionekani.

Mahali pawili husumbua zaidi. Pa kwanza ni gradienti, yaani rangi inayofifia na kugeuka nyingine, kama anga la jioni. CSS huihesabu gradienti kuwa picha. Kijana akiiandika kwenye background-color, inakataliwa. Iandikwe kwenye background au background-image.

Pa pili ni vigeu. Kigeu ni kama kiwango cha kubadilisha kwacha kilichoandikwa ubaoni dukani: ukikibadilisha asubuhi, wauzaji wote wanafuata kipya. Vivyo hivyo, rangi ya duka huandikwa mara moja na kutumika ukurasa mzima. Lakini jina lake lazima lianze na vistari viwili, na herufi kubwa na ndogo ni tofauti: --Kijani si --kijani. Jina likikosewa ndani ya gradienti, gradienti yote hutoweka, hata kama rangi ya pili ni sahihi.

Mzazi asiyejua kompyuta anaweza kusaidia kwa kuuliza maswali haya, moja baada ya jingine:

1. Umehifadhi faili na kufungua ukurasa upya?

2. Kila mstari umeishia na nukta mkato? Ikikosekana, mstari unaofuata humezwa.

3. Jina la kigeu ni lilelile pote, na umeliita kwa var, kwa mfano var(--kijani)?

4. Kigeu umekiweka juu kabisa, kwenye :root? Kikiwekwa ndani ya kisanduku kimoja, visanduku vya nje havikioni.

5. Ukiweka rangi moja ya kawaida kwenye background mahali pa gradienti, inatokea? Ikitokea, kosa limo kwenye gradienti. Isipotokea, tafuta kwingine.

Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha vitano kwa pamoja, hata rangi ikirudi hatajua kilichoirudisha.

Afya nayo ina nafasi yake. Kila baada ya dakika 20, kijana aangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, na akumbuke kupepesa, kwa sababu mtu anayekodolea skrini hupepesa mara chache na macho hukauka. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Nukta mkato iliyojificha saa sita usiku mara nyingi huonekana asubuhi baada ya chai. Kwa hiyo wekeni saa ya kuzima, mkubaliane mapema, badala ya kuja kuchomoa waya kwa hasira.

Rangi zikishatokea, mzazi awe mkaguzi. Achukue simu yake, atoke nje juani, asome ukurasa. Maandishi meupe yanayosomeka vizuri juu ya kijani kizito hupotea pale gradienti inapofikia njano. Kanuni ya kimataifa inataka mwanga wa maandishi na wa mandhari utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Mpeni pia bibi asome, na mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani, hali inayowapata zaidi wanaume. Wakishindwa kusoma bei, mwambie kijana sehemu gani hasa imewashinda. Wateja wa duka wataufungua ukurasa huo kwenye simu kama hizo.