Kanuni za kura tuulizwe wenyewe

Mtanzania anayeishi kihalali hapa Wembley, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa kupiga kura. Mei 2, 2024 alipokwenda kumchagua meya wa London alikuta karatasi imebadilika, nafasi ya chaguo la pili haipo tena. Bunge liliifuta kwa sheria ya mwaka 2022 na wapiga kura hawakuulizwa. Ni Uingereza hii hii iliyowauliza wananchi Mei 5, 2011 kama wabadili namna ya kuchagua wabunge, nao wakakataa kwa asilimia 67.9.

Tusiwacheke, kwetu yalitokea makubwa zaidi. Rais wa Tanzania alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura. Mwaka 2000 Bunge likarekebisha Katiba, na tangu hapo anatosha anayewazidi wenzake tu, hata kwa asilimia 35. Kura ya maoni haikuitishwa. Wazanzibari waliulizwa Julai 31, 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakakubali.

Watasema ni gharama. Sawa, lakini mbunge ananufaika na kanuni hizo, na hapa Wembley hatujaona timu ikipewa kazi ya kupima goli lake yenyewe.

Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza sharti la zaidi ya nusu lirudi. Kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa. Bado tunaisubiri.